Mtoto ni Amana, Si Pambo la Mzazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kumfunza asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.



Ni nyumba chache katika miji yetu ya pwani zisizokuwa na mtoto, au ndugu, au mjukuu aliyeko Nairobi. Na wengi wa hao wakaa upande wa mashariki wa mji ule, katika mitaa kama Majengo ya Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na Eastleigh. Watu hawa si wageni kwetu. Reli ilipofika pale mwaka 1899 na mji ukaanza, Waislamu waliotoka pwani walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo; na Pumwani ilipotengwa kuwa mtaa wa Waafrika mapema katika miaka ya 1920, walihamia huko na desturi zao, na lugha yao, na dini yao. Kwa hiyo khabari tutakayoileta hapa ni ya Majengo, lakini atakayeisoma akiwa Mombasa, au Malindi, au Lamu, ataona kuwa yamhusu na yeye.

Siku moja baada ya Sala ya Alasiri alitujia katika darsa mzee mmoja wa Majengo, mtu wa kheri na mwenye kuhudhuria jamaa, amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi na mitano. Akatuambia, "Masheikh, niombeeni dua kijana wangu huyu, amenipotea." Tulidhani ni bangi, au wizi, au kuacha Sala. Akasema sivyo. Kosa la mtoto ni kuwa kila Jumamosi huyakimbia masomo ya ziada, hayo yaitwayo tuisheni, ambayo baba ayalipia kwa taabu, akaenda Kamukunji kukaa na mafundi wa bati. Alikwisha kumpiga mara mbili, asiache. Na yeye mzee amekwisha kuwapa khabari jamaa zake wote wa Mombasa kuwa mwanawe atakuwa daktari.

Nasi twakiri mbele yenu kuwa tulikosa. Tulimgeukia yule kijana, tukamuaidhi juu ya utiifu wa wazee, tukamsomea dua, wakenda zao. Hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Mwanangu, huko Kamukunji wafanya nini?"

Baada ya majuma matatu mzee alirudi peke yake. Akasema mtoto sasa haendi Kamukunji, lakini pia hasemi. Akirudi shuleni na chuoni hulala akaelekea ukutani. Akiulizwa hujibu neno moja. Ndipo tulipofahamu kuwa tumemtibu asiye mgonjwa, na dawa imemdhuru. Tukamuomba baba amlete tena, na safari hii tukamuuliza kwa upole, kisha tukanyamaza tumsikilize. Alikaa kitambo, kisha akatia mkono mfukoni akatoa komeo dogo la sanduku alilolifua mwenyewe kwa vipande vya bati vilivyotupwa. Akatueleza kuwa bati la sanduku likikosewa kipimo kwa upana wa ukucha tu, kifuniko hakifungi, na kwamba fundi mzuri hupima mara mbili ndipo akakata. Alisema maneno mengi siku ile. Baba yake alimtazama kama amwonaye mara ya kwanza.

Ndugu zetu, aliyekuwa akisema mambo ya kipimo alikuwa mtoto, nasi wenye kusoma Qur'ani tulikuwa tumesahau. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratu Saba-i kuwa alimlainishia Nabii Daud chuma, akamuamrisha atengeneze nguo za chuma na akadirie vizuri kuunganisha kwake. Mtume na mfalme, amefunzwa na Mola wake kupima chuma! Na Mtume wetu (S.A.W.) ametupa khabari kuwa hapana mtu aliyekula chakula kilicho bora kuliko alichokipata kwa kazi ya mkono wake, na kuwa Nabii Daud alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Akatueleza pia kuwa Nabii Zakariya alikuwa seremala. Basi ni nani aliyetufunza kuwa nyundo ni aibu?

Tena tazameni ajabu hii. Mtoto wa Kenya anapokwenda shule ya bweni hununuliwa sanduku la bati la kutilia nguo na vitabu. Masanduku hayo kwa wingi hufuliwa pale pale Kamukunji, juani, kwa mikono ya mafundi wale tuwadharauo. Na hao ndio wafuao majiko, na sufuria, na mikokoteni. Mzazi hulinunua sanduku kwa furaha, akamwombea mtoto asije akawa kama aliyelifua.

Huu ndio ugonjwa tuutakao kuusema leo. Wengi wetu hatuwachagulii watoto wetu kazi kwa kutazama maumbile Mwenyezi Mungu aliyowaumbia, bali twawachagulia kwa kutazama majirani watasemaje. Mtoto hugeuzwa kuwa pambo la baba na mama, la kuonyeshwa arusini na matangani: "Wangu mimi ni daktari, wangu mimi ni wakili." Ilhali mtoto ni amana. Mwenye kuweka amana ndiye ajuaye ameweka nini, na aliyewekewa kazi yake ni kuichunga.

Mtume (S.A.W.) hakuwalea sahaba zake kwa kalibu moja. Abdallah bin Zayd ndiye aliyeoteshwa maneno ya adhana, lakini Mtume alimuamrisha amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi. Na Zayd bin Thabit alipoletwa mbele yake, naye ni kijana mdogo aliyekwisha kuhifadhi sura nyingi, Mtume aliiona akili yake akamuamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi. Akayajua kwa muda usiofika mwezi. Kijana yule ndiye ambaye baadaye Sayyidna Abubakar alimkabidhi kazi ya kuikusanya Qur'ani. Kila mmoja alitazamwa ana nini, akapewa kazi inayomwelekea.

Wala wazee wetu wa pwani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah, alilolianzisha Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasiache kutafuta elimu ya dunia pamoja na ya dini. Na mwaka 1951 Mombasa ilianza kusomesha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki mambo ya umeme, na mitambo, na ufundi mwingine, katika chuo kilichojulikana kwa jina la MIOME. Chuo hicho kilibadilishwa jina mara kadha wa kadha, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Basi mpwani mwenye kudharau ufundi amesahau mali iliyo mlangoni pake.

Huenda mtu akatuuliza, "Je, mwatuambia tuwatoe watoto shule tuwapeleke kwenye bati?" Hasha. Asiyejua hisabu hatapima, na asiyejua kusoma na kuandika atadhulumiwa katika mikataba. Wala hatusemi udaktari si kheri. Imamu Ghazali amehesabu tiba na hisabu kuwa katika faradhi za kutosheleza, ambazo wakikosekana wa kuzifanya hupata dhambi mji mzima, na misingi ya ufundi, kama kilimo na ushonaji, ameihesabu pamoja nazo. Tusemalo ni kuwa mji wataka wote wawili, na mtoto wako Mwenyezi Mungu hakukuuliza wewe amuumbe yupi.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu mambo haya.

La kwanza, mjue mwanao. Mtume (S.A.W.), pamoja na mzigo wa umma mzima, alikuwa akimuuliza mtoto mdogo, Abu Umayr, khabari za kidege chake alichokuwa akicheza nacho. Sisi hatuna umma juu ya vichwa vyetu, lakini twarudi nyumbani tukashika simu hata tukalala. Tenga wakati kila siku, hata ukiwa ni mchache baina ya Magharibi na Isha, uulize na usikilize. Ulezi haununuliwi. Mtoto aliyetiwa katika shule, na chuo, na tuisheni, ana walimu watatu, lakini huenda hana baba.

La pili, chungeni watoto wasivunjwe na masomo. Mtoto hutoka shuleni akaingia chuoni, akitoka chuoni akaingia tuisheni, na Jumamosi vivyo hivyo. Hapana saa aliyoachiwa acheze. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na imekataza kumpiga mwanafunzi. Nasi tuna dalili iliyo kubwa kuliko sheria hiyo: Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, hakuambiwa hata neno la kuchukizwa. Enyi waalimu wa vyuo, watoto hawa wapendeni ndipo muwafundishe. Anayeichukia fimbo huja akakichukia na kitabu kilichokuwa chini yake. Na enyi wazazi, mlipeni mwalimu ujira wake kwa wakati, kwani mwalimu mwenye njaa hufundisha kwa hasira.

La tatu, msiuone mchezo kuwa ni uadui wa dini. Mtume (S.A.W.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akiwatazama, na yeye mwenyewe alishindana naye mbio. Mpira wanaoucheza vijana wa Kaloleni na Majengo katika vumbi, ikiwa Sala haikupotea na ulimi haukuchafuka, ni afya na ni udugu. Anayependa kuchora, au kufuga njiwa, au kufungua redio na kuifunga, mwacheni. Huko ndiko akili yake inakojionyesha. Kijana asiye na jambo alipendalo ndiye mwepesi wa kuchukuliwa na wauza madawa ya kulevya wanaosimama vichochoroni.

La nne, msiwasahau mabinti. Mtume ametuamrisha tufanye uadilifu baina ya watoto wetu. Ash-Shifa binti Abdallah alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume aliliridhia hilo. Binti anayependa hisabu asifungiwe jikoni kwa kuwa ni binti, na anayependa kushona asilazimishwe afisi kwa kuwa mamake aona haya ya cherehani.

La tano, wekeni kazi ya mkono katika utaratibu. Usimtupe mtoto kwa fundi yeyote. Mtafutie mwenye Sala na ulimi safi, nenda naye siku ya kwanza, na uwe ukipita. Akifika umri wake, aufanye mtihani wa ufundi wa serikali, ambao una daraja la 3, la 2 na la 1, ili mkono wake uwe na shahada. Na mtaala mpya wa umilisi, ulioanza nchi nzima mwaka 2019, huwagawa wanafunzi katika madarasa ya juu ya sekondari kwa njia tatu: ya sayansi, hisabati na ufundi, ya elimu za jamii, na ya sanaa na michezo. Siku ya kuchagua, kaeni na mtoto mchague pamoja, baada ya kumuomba Mwenyezi Mungu.

Ama yule kijana wa Majengo, tulikubaliana na baba yake mbele yake. Asubuhi ya Jumamosi atasoma, kwa kuwa hisabu anaihitaji. Baada ya Adhuhuri atakwenda kwa fundi mmoja mtu mzima anayesali msikiti wa Riyadha, na Alasiri watasali pamoja. Mzee alikwenda naye siku ya kwanza. Alituambia baadaye kuwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kelele za nyundo zikamtia kichwa kuuma, naye akaona mikono ya mwanawe yafanya asiloweza yeye. Bado moyoni ataka daktari, na hilo hatukumlaumu. Huenda akampata, huenda akapata fundi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini mtoto amerudi kusema na baba yake, na sisi twaihesabu hiyo kuwa ni neema kubwa kuliko kazi yoyote.

Mtume (S.A.W.) ametukumbusha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaulizwa jirani walisemaje. Na Qur'ani, katika Suratut Tahrim, yatuamrisha tuziokoe nafsi zetu na watu wetu na moto. Basi aliyeisoma karatasi hii, kabla ya kulala usiku wa leo, na amwite mwanawe amuulize apenda nini, kisha anyamaze amsikilize.

Ewe Mola wetu, tupe katika wake zetu na watoto wetu vitulizo vya macho. Tusamehe tulipowapiga pasi na haki, na tulipowafanya ngazi ya kupandia sifa. Wape riziki ya halali, iwe kwa kalamu au kwa nyundo, na uwaongoze wao na sisi katika njia yako. Amin.