Aliyenunua Amenunua Nini?

Wazee wenzetu wakisikia kijana amekasirika kwa sababu ya mchezo wa kompyuta, hucheka. Sisi nasi tulicheka. Lakini tulipolichungua jambo lenyewe tuliona kwamba lagusa swali la zamani sana: mtu akiisha kuuza kitu na kupokea fedha, je, anayo haki ya kukigeuza?

Natutazame mfano wa Marekani. Mwaka 2003 kampuni ya Sony Online Entertainment ilitoa mchezo uitwao Star Wars Galaxies, uliochezwa na maelfu ya watu pamoja kwa njia ya intaneti. Mchezaji aliununua, kisha akalipa ada kila mwezi. Humo alichagua kazi: fundi wa silaha, tabibu, mcheza ngoma, mfuga wanyama, zote zilizidi 30. Kuwa Jedi, yaani shujaa mwenye nguvu za ajabu, kulikuwa kugumu mno. Njia yenyewe ilifichwa, na waliofika walitaabika miezi mingi.

Tarehe 1 Novemba 2005 kampuni iliuza nyongeza ya mchezo huo. Siku chache baadaye ikatangaza kwamba mchezo wote utageuzwa, na tarehe 15 mwezi ule ule ukageuzwa. Kazi zikabaki 9. Wafuga wanyama wakakuta kazi yao imefutwa. Ujedi ukawa wa yeyote autakaye, tangu siku ya kwanza. Watu wengi wakahama, na mwaka 2011 mchezo ukafungwa.

Je, mkataba ulivunjwa? Mikataba ya namna hii kwa kawaida humruhusu mwenye mchezo kubadili atakalo, nasi wanunuzi (tukiri tu) hukubali bila kusoma. Tena mchezo wa watu wengi hauwezi kukaa vile vile siku zote. Makosa hayana budi kusahihishwa, na wadanganyifu kuzuiwa.

Hata hivyo, sisi tuliokaa darasani miaka mingi twajua jambo moja. Mwalimu akibadili utaratibu wa mtihani mwanzoni mwa mwaka, wanafunzi hunung'unika kidogo, kisha huendelea. Akiubadili mwezi wa Novemba, wanaoumia zaidi ni wale waliojitahidi. Mvivu hana cha kupoteza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Majedi wale. Fedha walizotoa hazikuzidi za wenzao. Walichotoa zaidi ni saa za maisha yao.

Kampuni ilikubali kuwarudishia fedha wanunuzi wa nyongeza ile walioomba, na hilo lilikuwa jema. Ila miezi ya mfuga wanyama hairudishiki. Tena geuzo kubwa namna ile halitengenezwi kwa siku 14. Hapo ndipo sisi tuonapo kosa: si katika kubadili, bali katika kuuza na kunyamaza.

Tangu mwaka 2025 sheria ya jimbo la California yamkataza muuzaji wa vitu vya kidijitali kutumia neno "nunua", asipomweleza mteja waziwazi kwamba anapata ruhusa ya kutumia tu. Ni sheria njema. Angalau twajua tumepata nini. Lakini haimlazimishi muuzaji kutuambia anachokusudia kukifanya mwezi ujao.