Anayekuita Ana Haki Gani?



Ndugu msomaji, kuitwa jina ni jambo zito. Mtu akiitwa hugeuka, hata kama mikono yake ina kazi. Watengenezaji wa programu za kuchati wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana ujumbe mia unaweza kupita kimya ndani ya kundi, lakini likitajwa jina lako tu, kengele inalia. Swali letu ni hili: je, ni haki kuiamuru programu isilie pale anayekuita ni mtu fulani?

Wanaosoma kompyuta wanalifahamu jambo hili kupitia IRC, mfumo wa kuchati ulioanzishwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988. Jamii za programu huria zinautumia hadi leo. Programu zake, kama irssi na WeeChat, zinakubali skripti, yaani maagizo mafupi unayoyaandika mwenyewe. Unaweza kuagiza hivi: jina langu likitajwa, piga kengele, aliyelitaja akiwa fulani, nyamaza. Hapo kuna daraja mbili. Katika ya kwanza ujumbe unafika na unasomeka, ila kengele hailii. Katika ya pili ujumbe wenyewe haukufikii macho, kana kwamba mwenzako hajasema kitu. Sisi wa WhatsApp na Telegram hatuandiki skripti, lakini tunafanya mambo ya jinsi hiyo hiyo kwa kubonyeza mara mbili tatu.

Mlango ni wako

Tuanze na haki ya anayeitwa, kwa sababu ipo na ni kubwa. Katika Sura An-Nur, aya ya 27 na 28, tumefundishwa tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, basi turudi, na huko kurudi ndiko usafi zaidi kwetu. Mtume (S.A.W.) naye ametufundisha kubisha hodi mara tatu, na tusipoitikiwa tuondoke. Mwenye nyumba hakutakiwa hata kueleza sababu.

Sura Al-Hujurat, aya ya 4 na 5, inakwenda mbali zaidi. Inawazungumzia watu waliokuwa wakimwita Mtume (S.A.W.) kwa sauti wakiwa nyuma ya vyumba vyake, na inasema kwamba lau wangesubiri mpaka atoke ingekuwa heri kwao. Tazama jinsi tunavyotajana kwenye makundi yetu: saa nane za usiku, mara tano mfululizo, na baada ya dakika mbili tunauliza, "Mbona hujibu?" Tunamwita mtu kutoka nyuma ya chumba chake, na chumba hicho yuko nacho mfukoni popote aendapo. Anayezima kengele ili asome, alale au aswali kwa utulivu hajamdhulumu yeyote. Kuitwa hakumlazimishi mtu kuitika papo hapo.

Lakini skripti haijui

Tatizo linaanza pale tunapochuja kwa kuangalia *nani* anayeita. Skripti inasoma herufi, haisomi haja ya mtu. Mwanafunzi anayeitwa Juma akiiagiza programu itafute herufi za jina lake bila kujali mwanzo na mwisho wa neno, kengele italia kila mtu anapoandika "Ijumaa". Hilo ni la kuchekesha. La pili halichekeshi. Kwa kuwa kwenye IRC mtu anaweza kubadili jina lake wakati wowote, wengine huchuja kwa anwani ya mtandao. Lakini bweni zima linaweza kutoka nje kwa anwani moja. Umemlenga mmoja, umewaziba na majirani zake ambao hawajakukosea lolote, na sisi dini yetu imetufundisha kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine.

Tuseme basi skripti imemlenga mtu yule yule barabara. Bado imemhukumu kwa ya jana kabla hajafungua kinywa leo. Fulani anayetuma vichekesho usiku kucha ndiye huyo huyo ambaye siku moja ataandika kwamba mwenzetu amelazwa na anahitaji damu, au kwamba janaza ni baada ya Adhuhuri. Kumzuru mgonjwa, kusindikiza janaza na kumpa nasaha anayeiomba ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Haki hizo hazikugawiwa kwa wale tu wanaotupendeza.

Hapa ndipo inapokuja Sura Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, Swahaba kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makuraishi. Aliukatiza mkutano. Kwa hesabu yetu ya kawaida alikuja wakati mbaya. Hata hivyo aya zilishuka kuonya juu ya kumgeuzia uso mtu huyo, kwani huenda yeye ndiye angetakasika.

Ziweke sura hizi mbili pamoja. Al-Hujurat inampa adabu anayeita: asubiri. Abasa inampa adabu anayeitwa: asimpime mwitaji kwa cheo chake wala kwa usumbufu wake, aangalie amekuja na nini. Chujio la *wakati* linakubaliana na zote mbili. Chujio la *mtu*, likiachwa peke yake bila mwenyewe kuangalia, linatimiza ya kwanza na kuivunja ya pili.

Kumhama mtu kimya kimya

Atasema msemaji: "Yeye hajui kama nimemzima, basi ameumia wapi?" Kutojua kwake ndiko kunakozidisha uzito. Anauliza, anasubiri, anadhani umesoma ukadharau. Kaab bin Malik na wenzake wawili walihamwa siku hamsini baada ya vita vya Tabuk, lakini walijua wamehamwa, walijua kwa nini, na toba yao ilipokubaliwa wakapelekewa bishara. Adhabu ile ilikuwa na sababu, uwazi na mwisho. Kumzima mtu kwa siri kunaweza kukosa vyote vitatu, nasi tunafahamu kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.

Hata hivyo, hapa lazima tuseme wazi. Dada anayeandikiwa maneno machafu kila usiku asije akasomewa katazo la siku tatu ili aendelee kuvumilia. Wanazuoni, akiwemo Ibn Abdil-Barr, wameruhusu kumhama mtu ambaye kuzungumza naye kunaleta madhara katika dini au dunia. Huyo afungiwe mlango kabisa, ushahidi uhifadhiwe, na uongozi uambiwe. Mwenye kubeba lawama ni msumbufu.

Tufanye nini?

Kwa usumbufu wa kawaida, ambao ndio mwingi, chagua ile daraja ya kwanza: zima kengele, acha ujumbe ufike. Kisha tenga saa ya kuusoma, tuseme baada ya Isha, kama mtu anayetoka mlangoni kuona nani alibisha. Mwambie mwenzako kwa upole, "Ndugu yangu, kwenye kundi sipatikani mchana, ukiwa na dharura nipigie." Sentensi hiyo moja inaondoa dhana mbaya. Na ukilazimika kumziba mtu kabisa kwa sababu ya hasira, weka mwisho. Amri ya kuziba katika irssi inakubali kuwekewa muda, na muda huo ukiisha mlango unafunguka wenyewe. Unaweza kuandika siku tatu.

Aliyebeba amana ana hesabu nzito zaidi. Kiongozi wa jumuiya, mweka hazina na mwakilishi wa darasa wanatajwa kwa sababu ya kazi waliyoikubali. Mwanafunzi anayeuliza mara ya nne kuhusu mchango wake anachosha, ndiyo, lakini jina analolitaja ni la cheo ulichokiomba. Ukimchuja huyo, umeichuja amana.

Ndugu msomaji, leo jioni fungua orodha ya watu uliowanyamazisha. Wapo watakaobaki humo kwa haki. Wapo pia ambao hukumbuki tena walikukosea nini. Anza na hao, uwatolee salamu, kwani aliye bora kati ya wawili waliohamana ni yule anayeanza kutoa salamu.

Wabillahi tawfiq.