Maji, Sanduku na Risasi

Soma 1 Samweli 4:1-11.

Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akisema risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Wamatumbi, Wangindo na wengine wakaungana. Tarehe 30 Agosti, yeye mwenyewe akiwa ameshanyongwa, wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakapokelewa na bunduki za rashasha. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua wengi kuliko risasi.

Tusiwacheke. Walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Madai yao yalikuwa ya haki. Tena Israeli walibeba Sanduku la Mungu wa kweli, na bado watu 30,000 wakaanguka. Hapo ndipo somo linapokuwa gumu. Wazee waliamua Sanduku lipelekwe vitani. Hatusomi kwamba walimwuliza Bwana.

Mama mmoja hapa Sikonge aliniomba nimwandikie Zaburi 91 kwenye karatasi, aishonee ndani ya sare ya mwanawe aliyekuwa akienda jeshini. Niliandika. (Nani angemkatalia?) Kijana alirudi salama, na mama hutoa ushuhuda kanisani. Mimi hukaa kimya, maana wapo waliokwenda na Zaburi hiyohiyo wasirudi, nao mama zao wameketi viti vya nyuma.

Kwa mjadala: Je, wewe ungemwandikia? Na ikiwa askari wa upande wa pili naye ana karatasi kama hiyo kifuani, tunamwomba Mungu afanye nini?