Utamu huu ni jasho la nani?
Vijana wenzangu, Jumapili baada ya Misa hapa Lalago tulionja chokoleti tatu: ya Uswisi, ya Ubelgiji na moja ya kakao ya Kyela. Tukabishana weee, ipi laini, ipi chungu. Sifa nyingi zikaenda Uswisi, nchi isiyolima kakao. Mkulima wa Kyela hakutajwa.

Hapo nikamkumbuka baba. Analima pamba, nami navaa shati bila kumuuliza kilo aliuza shilingi ngapi.

Je, kufurahia kitu kitamu ni dhambi? Hapana, utamu ni zawadi ya Mungu. Ila kumsahau aliyeutolea jasho, hapo tunakosea. Tukisali kabla ya kula, tumwombee na mkulima, kisha tuulize amelipwa nini. Mimi nimeanza na baba.