Mwenzetu wa Kizingitini

Likizo hii tulisafiri pwani ya kaskazini kwa Noah ya zamani, tukilala humo humo, na mbwa wetu Simba akiwa mmoja wa abiria. Tuling'oa viti vya nyuma tukatandika godoro. Jiko la gesi, dumu la maji na mkeka vikapata nafasi yake. Kule Australia wastaafu wengi huvuta nyumba za magurudumu wakifuata ufuko kwa miezi, mbwa ametoa kichwa dirishani, wala hakuna anayegeuka kuwatazama. Kwetu, kuanzia Tegeta hadi Mapinga, watoto walitukimbilia, na kila tuliposimama kununua maembe mtu aliuliza tunahamia wapi. Mbwa kwa wengi wetu ni mlinzi wa usiku. Kumtoa kwenda kupunga upepo ni jambo geni.

Nimerudi na hoja moja ambayo naitaka isikike. Msafara wowote, uwe wa familia au wa nchi nzima, unapaswa kwenda kwa mwendo wa yule asiyeweza kusema amechoka.

Hoja hiyo aliizaa mama mkwe wangu, tuliyekuwa naye garini, bila kukusudia. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Joto likimzidi hutweta, na ndani ya gari lililosimama juani anaweza kufa upesi. Kwa hiyo tuliondoka alfajiri, tukasimama mara kwa mara penye kivuli, na ikifika saa sita mchana tulitandika mkeka chini ya mkorosho hadi jua lipoe. Kila Simba aliposhuka, mama naye alishuka, akanyoosha goti lake linalomsumbua, akatembea kidogo. Miaka yote tumesafiri naye kwenda Tanga kwa basi, hajawahi kuomba kupumzika. Nilipomuuliza akajibu: "Mwanangu, mtu mzima hamsimamishi dereva kwa ajili ya goti." Tulikuwa tunasimama kwa ajili ya mbwa, na mama akapata haki yake ndani ya haki ya mbwa.

Bagamoyo, tulikopumzika kwanza, ni mji uliojengwa na misafara. Katika karne ya 19 ndipo ilipoishia njia ya kutoka Ujiji na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu mabegani, mizigo ya kilo 30 na zaidi, na katika njia hizo hizo wakaswagwa watu waliofungwa minyororo. Februari 1874 Susi, Chuma na watumishi wenzao waliingia hapa na mwili wa bwana wao, David Livingstone, aliyefariki Mei 1873 kwa mtemi Chitambo, katika Zambia ya leo. Mnara wa misheni unaoitwa kwa jina lake bado umesimama, na wageni huja kuupiga picha.

Pale chini ya mnara mimi nilimkumbuka Chitane. Huyu alikuwa mbwa mdogo wa Livingstone, na wale waliosafiri naye walimjua kwa ukali wake wa kulinda kambi. Januari 1867, wakati wa mvua kule kusini, msafara ulivuka mbuga iliyofurika, maji ya kiunoni, upana wa kama maili moja. Livingstone alitangulia. Mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba alisahau kutoa agizo juu ya mbwa, na kwamba wengine, kila mmoja akihangaika asianguke na mzigo wake, hawakumwona akiogelea katikati yao hadi alipozama. Siku chache baadaye sanduku la dawa likaibwa, na hilo ndilo ambalo wanahistoria hulitaja zaidi, maana bila kwinini afya yake iliporomoka. Lakini mimi naona habari ya Chitane ina uzito wake. Hapakuwa na mkatili katika maji yale. Palikuwa na watu wenye mizigo mizito, kiongozi aliye mbele akitazama ng'ambo, na mmoja aliye chini ya usawa wa macho yao.

Simlinganishi mtu na mbwa. Nasema tu kwamba jicho linalomkosa mdogo wa mwisho ni jicho lile lile, awe mdogo huyo mnyama, mtoto wa kazi za ndani aliyeketi nyuma na mizigo, au mzee mwenye goti. Katika misafara ya Bagamoyo mpagazi aliyeugua aliweza kuachwa njiani, na walio wengi kati yao hatujui hata majina yao.

Sasa niseme juu ya ukarimu, kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi nao. Pwani yetu ni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilidhani tutafukuzwa. Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, ambako kina mama hulima mwani katika maji ya kina kifupi, tuliomba kuegesha gari kwenye uwanja wa mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni. Mbwa atakaa chini ya ule mwembe, huku kwenye mikeka asije. Ameshakunywa maji?"

Kabla sijajibu alikuwa amemwita mjukuu wake alete kifuu, akajaza maji kutoka kwenye mtungi, akakisukuma kwa fimbo hadi puani mwa Simba. Kisha akanikumbusha hadithi ya Mtume tuliyoisikia sote madrasa na mitaani, ya msafiri aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akapanda amekiuma kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akamtaja pia mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyelala kizingitini miguu ameinyoosha, akiwalinda.

Nimelifikiria sana hilo la kizingiti. Mzee hakumwingiza Simba nyumbani, wala hakuhitaji kuvunja mipaka ya dini yake ili amtendee wema. Alimpa mahali pake, kivuli na chombo chake. Nimeishi na watu wa mjini wanaowabusu mbwa wao puani na kuwafungia siku nzima kwenye banda la bati. Kati ya hao na mzee wa Mlingotini, najua ningependa mbwa wangu aachwe kwa nani.

Kutoka Bagamoyo njia fupi ya kwenda Pangani hupita upande wa Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako tembo hufika hadi ukingoni mwa bahari. Tuliizunguka. Mnyama wa kufugwa haruhusiwi hifadhini, na sheria hiyo ni ya haki kabisa: mwaka 1994 virusi vya distempa, vinavyohusishwa na mbwa wa vijijini, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi. Kwa hiyo tulishika barabara ya Msata, tukapita Segera na Muheza, tukateremka katikati ya mashamba ya mkonge hadi Pangani, tukavuka mto kwa kivuko kwenda Ushongo. Kwenye kivuko watu walitupisha nafasi kubwa. Mama mmoja mwenye tenga la dagaa aliuliza swali ambalo ndilo la maana kuliko yote: "Kachanjwa?"

Alikuwa amechanjwa, na cheti kilikuwa garini. Yule mama alipokiona akasogea karibu. Hofu ya watu kwa mbwa haitokani na dini peke yake; inatokana na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hauna kupona. Nao unazuilika. Pemba waliwachanja mbwa kijiji kwa kijiji, ugonjwa ukatoweka. Uliporejea mwaka 2016 wakachanja tena, na kufikia 2018 ukawa umeondoka kwa mara ya pili. Kinachotakiwa ni kufikia mbwa kama 7 katika kila 10, na kurudia, kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka.

Halmashauri za Bagamoyo, Chalinze na Pangani zinaweza kufanya hivyo, na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni siku nzuri ya kuanzia. Wapelekeeni chanjo hata mbwa koko wa pwani, wanaokula vichwa vya samaki sokoni na hawana mtu wa kuwashika kamba. Na nyinyi wenye gesti za ufukweni, mgeni akija na mbwa msimfukuze langoni. Mwombeni cheti, mwonyesheni mti wenye kivuli, mpeni ndoo ya mbwa ambayo haitumiki kwa kitu kingine.