Wibari na Mwamba Wake

Jumanne

Soma Mithali 30:24-28, Zaburi 104:18. Kwa nini Aguri anamhesabu wibari miongoni mwa viumbe wenye akili nyingi?

Wibari wa Biblia ndiye pimbi. Wanaoishi karibu na msitu wa Mlima Meru humfahamu jamaa yake wa mitini, perere, kwa kelele zake za usiku. Pimbi wa miambani huonekana kwa urahisi kwenye vilima vya mawe vya Seronera, Serengeti. Ni mnyama wa kilo nne hivi. Hana pembe, hana mbio za kutegemewa, wala kucha zake si za kuchimba. Katika Mambo ya Walawi 11:5 ametajwa kuwa najisi, hivyo hakuna mwana wa Israeli aliyemweka mezani. Hata hivyo Mungu amemweka darasani awe mwalimu.

Akili yake yote iko katika jambo moja: anajua kuwa yeye ni dhaifu. Hautoboi mwamba; huingia katika ufa ulioukuta tayari. Nyayo zake ni laini na zenye unyevunyevu, nazo hushika jiwe hata penye mteremko mkali. Mwili wake hautunzi joto vizuri, kwa hiyo asubuhi, kabla ya kwenda kula, hutoka na wenzake kuota jua kwanza. (Wenye desturi ya Kesha la Asubuhi wataelewa bila kuelezwa.) Na akila, hula karibu na mwamba. Tai mweusi, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi, hana haja ya kuubomoa mwamba. Humngoja yule aliyefuata majani mabichi mbali kidogo.

Soma Luka 22:33, 54-57. Petro alianza kuanguka wapi?

Hakuanzia penye moto. Kabla ya kumkana Bwana alikuwa ameshamfuata kwa mbali, na kabla ya hapo alikuwa amejiona yuko tayari kwa gereza na kwa kifo. Wibari hasemi hivyo.

Fikiria kijana anayeendesha bodaboda ya mtu pale Kikatiti, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Mwenye pikipiki anataka hesabu ya siku saba, siyo sita. Sabato ya kwanza kijana anampeleka mgonjwa hospitali, na hakuna wa kumlaumu. Sabato inayofuata anachukua abiria mmoja tu kabla ya ibada, ili apunguze deni. Baada ya mwezi anafika wakati wa hubiri. Kisha hafiki kabisa. Hakuna siku aliyoamua kumwacha Kristo. Majani yalikuwa mabichi, na kila hatua ilikuwa fupi.

Lakini habari hii si ya kijana peke yake. Pimbi wanapokula, mmoja wao hukaa juu akitazama, na akiona tai hupiga kelele. Wote hukimbilia nyufani. Mlinzi huyo hangoji mwenzake anyakuliwe ndipo aseme. Katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato, rejista huonyesha wazi jina lililokosekana wiki tatu mfululizo, nayo hufungwa na kuwekwa kabatini. Pengine kijana alihitaji mtu wa kwenda naye kwa mwenye pikipiki kuzungumza juu ya hesabu ya siku sita. Pengine alihitaji tu kuulizwa. Kumwonya bila kugusa deni lake ni kelele isiyo na mwamba wa kukimbilia.

Soma Wagalatia 6:1, 2. 1 Wakorintho 10:4.

Maswali ya kujadili:

Darasa lenu lina jina gani ambalo halijaitikiwa mwezi huu? Nani atakwenda, na kabla ya Sabato ijayo atabeba nini mkononi?

Kama mwenye pikipiki akikataa, kanisa linaweza kumsaidiaje kijana huyu apate riziki pasipo kwenda mbali na Mwamba?