Kitambuzi cha Mionzi na Tezi Mlinzi

Saratani ya matiti ikianza kusambaa, mara nyingi hupitia tezi za limfu za kwapani. Zamani wapasuaji walizitoa karibu zote, na wanawake wengi wakabaki na mkono uliovimba. Mwaka 1993 David Krag na wenzake, wa Marekani, walichapisha njia nyingine: dawa ya mionzi, teknesiamu-99m, hudungwa karibu na uvimbe, ikafuata limfu hadi tezi ya kwanza kuipokea, tezi mlinzi. Mpasuaji huitafuta kwa kitambuzi cha mkononi kinacholia zaidi kadiri mionzi ya gama inavyoongezeka. Tezi hiyo ikikutwa safi, nyingine huachwa.

Je, kitambuzi kinaikuta tezi mlinzi, au kinaifanya iwepo? Swali si la kuchezea maneno. Dawa haikomi kwenye tezi moja; sehemu yake huendelea hadi ya pili na ya tatu. Kwa hiyo wengi hufuata kanuni ya asilimia 10: tezi yoyote yenye angalau sehemu ya kumi ya mionzi ya ile kali kuliko zote huhesabiwa kuwa mlinzi. Mwilini hakuna mstari kama huo. Umechorwa na watu.

Msanifu wa kitambuzi naye huchora wake. Fuwele inayopokea mionzi huzungukwa na ngao ya metali nzito, kama tungsteni, yenye tundu mbele. Tundu jembamba hutenganisha tezi zilizokaribiana, ila hupitisha fotoni, yaani chembe za mionzi, chache, na uchache huleta mashaka: hesabu ya 100 huyumba kwa takriban 10, ya 25 kwa 5, yaani sehemu ya tano nzima. Tundu pana hukusanya nyingi, zikiwemo za mahali palipodungwa sindano, ambapo mionzi ni mikali mno. Kuchagua tundu ni kuchagua kosa la kuvumilia, na atakayelibeba kosa hilo ni mgonjwa.

Hata hivyo, wanaodai kwamba tezi mlinzi ni zao la chombo tu wanavuka mpaka. Katika jaribio la B-32 la Amerika Kaskazini, kundi moja la wagonjwa lilitolewa tezi mlinzi, kisha tezi nyingine za kwapani. Miongoni mwa waliokuwa na saratani kwapani, karibu asilimia 10 tezi mlinzi zao zilionekana safi. Kosa hilo liligunduliwa kwa hadubini, ambayo haisikilizi mlio wowote.